Uwanja Usiofagiwa

Haya yote ni kweli tupu. Msimulizi ameapa akiwa na tonge mkononi, mahali ambapo hata muongo mzoefu huona haya kuapa, kwamba hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Akikutwa na uongo, hata uwe mdogo kama mbegu ya mchicha, ashikishwe ufagio afagie uwanja mbele ya watu mpaka mwezi mwingine uandame. Na hapa Misima hicho si kiapo cha mchezo. Mwanamume mzee kuonekana asubuhi ameinama na ufagio, ni afadhali aonekane juu ya bodaboda bila suruali. Kwa hiyo msikilizeni, maana amejiweka pabaya.

Yupo mzee mmoja, jina lake Sadala. Miaka yake ya nguvu aliiacha Korogwe, kwenye korona ya mkonge, ule mtambo unaomeza majani upande huu na kutema katani upande wa pili, nao unapiga kelele kama mama mkwe aliyenyimwa chai. Sikio lake la kushoto liliishia humo humo. Yeye husema halikufa, liko zamu, na mvua ikikaribia kuja kutoka milimani hulisikia likimnong'oneza. Alipostaafu alirudi kwao Misima na baiskeli, redio, na uchovu ambao haukuwa wa kulala ukaamka umekwisha. Aliamka nao, akanywa nao chai, akaswali nao, na jioni aliulaza upande wa ukutani usianguke.

Mkewe, Mwaija, alikuwa amechoka kumpita, ila hakuwa na mtu wa kumsimulia. Miaka yote mumewe alipokuwa Korogwe, yeye alilima peke yake, mahindi na mihogo upande wa kwenda Kwedizinga, na mboga bondeni, mteremko ambao kijana huushuka akipiga mluzi. Mteremko ule ulimla magoti. Kila alipokwenda kuchuma matembele alirudi ameshika kiuno, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akanyoosha miguu, kisha akasema, "Haya." Ndiyo yote aliyolalamika.

Binti yao Shamimu ameolewa Korogwe mjini. Mwaka jana alipiga simu akamwambia mama yake kuna chumba kimepakwa rangi, kina kitanda, na bomba la maji liko uani. Mwaija akamwambia mumewe jioni moja kwamba amekikubali chumba hicho, bila ugomvi, akiwa anachambua mchele.

"Sikukimbii wewe, baba Shamimu," alisema. "Nakimbia lile bonde."

Sadala kumfuata mkewe hawezi. Mtu mzima wa Kizigua hahamii kwa mkwewe akakaa anasubiri kuitwa chakula, akipishana na bintiye, sasa mke wa mtu, na kanga ya kuogea. Na Korogwe alikwisha kuimaliza. Usiku wote wa miaka ile, akilala kwenye kambi ya mkonge, alikuwa anaota uwanja huu. Sasa ameupata, na mwenye uwanja anataka kuondoka.

Akaomba masika moja. Alisema atampandia mboga mlangoni, achume akiwa amevaa ndala za chooni, asilione bonde tena mpaka siku ya kuzikwa. Mwaija akamtazama kama anavyotazamwa muuza dawa za mitishamba wa kwenye basi. Kwa sababu Sadala alishawahi. Masika iliyopita alipanda maboga nyuma ya nyumba, akaona vidudu vikitembeatembea, akapulizia dawa ya kuua wadudu kwa wingi hata jogoo akapiga chafya. Maboga yalistawi kwa majani. Maua yakafunguka, makubwa ya manjano, yakakaa asubuhi nzima yamefungua midomo kama watu wanaosubiri basi lililokwisha kupita, yakanyauka, yakaanguka. Hakupatikana hata boga moja. Siku ya Idi Mwaija alikwenda kuomba boga kwa jirani, yeye aliyezoea kuombwa.

Ndiyo maana alimpa sharti la wazi. Majani hata mbuzi anayajua, alisema. Anachotaka ni boga lililozaa uwanjani kwake, la kupika kwa nazi siku ya Idi ya kuchinja. Likipatikana, atabaki Misima. Lisipopatikana, Shamimu akija kula Idi atarudi Korogwe na mama yake.

Basi Sadala akapanda basi kwenda Mkata, kumtafuta Fransisko.

Fransisko ni Msambaa, anateremsha karoti na kabeji kutoka milimani na kuziuza kando ya barabara pale Mkata. Wawili hawa hawawezi kusalimiana bila kutukanana kidogo. Sadala humwambia Wasambaa wakikosa shamba hulima hata juu ya paa. Fransisko humjibu kwamba Mzigua ana ardhi ya kumtosha, ila huilima kwa mdomo. Siku ile Sadala alimweleza habari ya maua yaliyoanguka, na akaieleza vizuri, maana humo kulikuwa na boga lililowahi kuota Mkata hiyo hiyo likaziba barabara, abiria wa mabasi matatu wakashuka wakalila mpaka njia ikapatikana. Fransisko alisubiri boga liishe, ndipo akamwambia kwa upole kwamba wale aliowaua walikuwa vibarua wake. Ua la boga lina dume na jike, na unga wa dume hauna miguu. Anayeupeleka ni mdudu. Kwao milimani, alisema, kila tuta la nyanya lina maua pembeni, si ya urembo. Wadudu walao mboga huja wenyewe bila kualikwa. Hao wanaozizalisha na wanaowala wale walafi, ndio wanaotaka kupikiwa na kutandikiwa.

Sadala alirudi na mbegu mfukoni, na kichwani wazo moja, kwamba ataandaa nyumba ya wageni.

Alianza mwezi wa Ramadhani, mvua za kwanza zilipoanguka, na kulima ukiwa umefunga, kwa umri wake, ni kama kuibeba korona mgongoni. Alichimba kidogo akakaa juu ya ndoo. Akachimba tena, akakaa. Aliuchora uwanja kwa mpini wa jembe. Karibu na jiko, maji ya kuoshea vyombo yanapopita, mchicha na mnavu, maana hizo hupenda kulishwa kila siku kama watoto. Kisha bamia na nyanya chungu. Kunde zikapanda ua wa miti. Mlenda hakuupanda, aliuacha ujiotee, kwa kuwa mlenda hauombi ruhusa. Mahali palipokuwa zizi la mbuzi, udongo mweusi ule, akafukia mbegu za maboga. Na kila penye nafasi akapachika mrehani na alizeti. Ukanda mmoja kando ya choo aliuacha na kishonanguo chake, hakutaka jembe liuguse, kwa sababu aliona asubuhi vidudu vingi vinakunywa hapo. Mwaija alipita akarudi na kanga imeshonwa miiba mpaka magotini. Akakaa kuichambua, mwiba mmoja mmoja.

Akamuuliza kama wageni wake wana haja nyingine.

Walikuwa nayo. Sadala alifunga mafungu ya matete akayaning'iniza chini ya bati, ili manyigu wadogo wapate vyumba. Akaweka sahani ya bati yenye maji na kokoto, mdudu apate pa kusimama asizame. Sahani ilikuwa ya Mwaija, ile yenye maua. Akarundika kuni zilizooza pembeni, na hakutaka zichomwe.

Kisha akakaa juu ya ndoo akingoja, kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni kazi yake ni kungoja. Na wakaja. Walikuja vipepeo weupe, akawakemea, maana hao ndio mama zao viwavi. Wakaja vile vidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi, vikaanza kula vidukari kwenye kunde kama watu waliofungulia futari. Akaja vunjajungu mmoja, akakaa kwenye bamia anasali tu. Na hatimaye, karibu na ghala bovu, kwenye ardhi ngumu ya uwanja, Sadala akaona vishimo. Kila kishimo kilikuwa na kichuguu chake cha unga wa udongo, na ndani yake akatokeza nyuki mdogo mweusi, si wa mzinga, wa kujitegemea, mlango wake na chumba chake, kama ilivyokuwa kambi ya mkonge. Alifurahi akasahau kwamba ana njaa. Aliwafuata kwa macho mmoja mmoja: waliondoka wamevaa nyeusi, wakarudi wamevaa suruali za njano.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu pale kwenye vishimo ndipo ufagio wa Mwaija ulipopita kila asubuhi.

Anayefika Misima alfajiri atajua. Kabla ya jogoo wa pili husikika fagio za chelewa, nyumba hadi nyumba. Mwanamke hufagia mpaka ardhi ing'ae, akamwaga maji vumbi litulie, mistari ya ufagio ikabaki kama nywele zilizochanwa. Uwanja uliofagiwa unasema humu ndani watu wameamka, wako salama. Uwanja usipofagiwa kwa siku mbili, jirani hawezi kupita bila kuuliza, kwa kuwa nyumba isiyofagiwa ni nyumba yenye msiba. Watu wamekalia mikeka, ufagio umelazwa mpaka matanga yaondolewe. Hivyo Sadala alipomwomba mkewe asifagie upande wa ghala, majani yakae, maji yasimwagwe, hakuwa ameomba jambo dogo. Mwaija alimwambia anamtakia kifo. Sadala akamwambia anamtakia boga.

Ufagio ukalazwa. Kusema kweli Mwaija alikuwa amechoka kuinama, na ukiwa umechoka hata ubishi unauona mzito. Kwanza aliacha upande wa ghala. Goti lilipouma aliacha na mbele.

Sadala naye, hata baada ya Ramadhani kwisha, alikuwa anashinda juu ya ndoo, amejifunika kanga ya mkewe kichwani kwa ajili ya jua, ameshika tama, anatazama mashimo chini. Mtu mmoja wa bodaboda akapita akamwona. Uwanja haukufagiwa, mzee kajifunika kanga ya mkewe na kuinamia ardhi. Huyo wa bodaboda hakusimama kuuliza. Alikwenda moja kwa moja mpaka Kwedizinga, kwa Muhsin, kaka yake Mwaija.

Mchana wake vilio vilisikika kutoka njiani. Muhsin alikuja na wanawake wa ukoo, wamejitwisha unga na mkeka, na nyuma yao vijana wawili na majembe. Muhsin akamkumbatia shemeji yake pale pale juu ya ndoo, akamwambia kwa kwikwi kwamba dada yake alikuwa mtu mwema, hakustahili kuondoka kabla yake. Sadala alifungua mdomo, ukajaa bega la shemeji. Kisha Mwaija mwenyewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, kuuliza nani anapiga kelele wakati uji haujaiva. Mama mmoja aliutupa unga akakimbia mpaka kwenye mihogo.

Ilipobainika kwamba hakuna aliyekufa, ikabaki kujibu kwa nini uwanja haukufagiwa. Na mbele ya watu wale, na majembe yale ya kaburi, Sadala aliona ukweli ni mdogo mno. Angesemaje kwamba watu wametembea jua lote lile kwa sababu ya vishimo vya nyuki? Akasema kuna mkubwa mmoja wa kilimo amepita. Amesema nyanja zisifagiwe, wadudu wapumzike, mpaka atakaporudi kukagua.

Muhsin alimtazama kwa muda. Lakini wanawake walitazamana wao kwa wao, na mmoja aliyekuwa amejishika mgongo akauliza taratibu kama amri hiyo inafika na Kwedizinga.

Ilifika. Uongo wa Sadala haukuwahi kupokelewa vizuri namna ile. Wiki ile alfajiri za Misima zilikuwa kimya kiasi kwamba watu wa kuswali walichelewa, maana walizoea kuamshwa na fagio. Wanawake walilala mpaka jua likawagusa miguu. Mama mmoja alisema hajapumzika hivyo tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Majani ya miembe yakajaa, na bundi mmoja, wallahi, alitua mchana uwanjani kwa mtu akidhani ni porini. Mpaka mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kwa Mwaija, kwa adabu, kumuuliza huyo mkubwa ni yupi na atarudi lini, kwa kuwa yeye mwenyekiti hana habari naye.

Mwaija alimjibu mgeni vizuri, akampa maji, akamsindikiza. Aliporudi alisimama mbele ya ndoo.

"Umeniua," alimwambia Sadala, wala hakupaza sauti. "Ukanifanya mvivu. Sasa umenifanya na mtumishi wa serikali, naulizwa habari za wakubwa. Nimechoka, baba Shamimu."

Akaokota ufagio. Alifagia mbele, akafagia nyuma, akafagia upande wa ghala mpaka mwisho, akamwaga maji ndoo mbili, akakanyaga kwa visigino. Magoti yalimuuma na akaendelea. Alipomaliza, ardhi iling'aa na mistari ilinyooka, na hapakuonekana shimo hata moja. Usiku ule alimpigia Shamimu simu, akamwambia aje Idi na begi kubwa.

Kesho yake alfajiri maboga yakafungua maua.

Sadala alikwenda akasimama pale zizini. Maua yalikuwa mengi, majike yamebeba viboga vyake chini kama kina mama waliobeba watoto, yamefungua midomo. Hakukuwa na nyuki. Jua likapanda, maua yakafumba. Kesho yake vivyo hivyo. Mzee wa watu akakaa juu ya ndoo, akahesabu uchovu wake wote, wa korona na wa Ramadhani na wa huo uongo, akaona kwamba sasa ameumaliza uwanja wake mwenyewe.

Lakini Mungu si Sadala. Siku ya tatu, lile sikio lililoko Korogwe likasikia mvumo. Ulikuwa unatoka milimani Usambara. Kulipopambazuka, wingu jeusi likavuka mto Pangani, likapita juu ya Mkata chini chini hata makondakta wakavua kofia, likaja likatua Misima. Walikuwa nyuki. Si nyuki wa kawaida, kila mmoja alikuwa sawa na kifaranga cha wiki, na wa mbele yao alikuwa na ndevu nyeupe. Wakapanga mstari kama wafanyakazi wa zamu, mmoja anatoka ua dume, mwingine anapokea, wakazalisha maua yote kabla chai haijachemka. Yule wa ndevu akamwinamia Sadala, akaondoka. Na viboga vikaanza kuvimba siku ile ile, vikivimba kwa sauti, mtu alikuwa anaweza kuvisikia, na hata leo...

"Ngoja," akasema Mwaija.

Aliweka bakuli mkekani. Maana habari hii yote ilikuwa inasimuliwa hapo hapo uwanjani kwake, siku ya pili ya Idi ya kuchinja, baada ya chakula. Shamimu alikuwa amekaa na begi kubwa pembeni, halijafunguliwa. Muhsin alikuwepo, akinyonya mfupa wa mbuzi. Na huyo msimulizi, aliyeapa na tonge mkononi, ni Sadala mwenyewe. Akisimulia mambo yake hujiita "mzee mmoja," apate nafasi ya kumhurumia huyo mzee bila kuonekana anajihurumia.

Bakuli lilikuwa na boga la nazi. Lilikatwa asubuhi zizini, la manjano ndani, tamu, na mengine matano yamelala bado kwenye majani.

"Mama, muache amalize," alisema Shamimu, ambaye alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Ameshamaliza. Huyo nyuki wa ndevu, baba Shamimu, alikuwa amevaa nini?"

Sadala akasema nyuki hawavai kitu.

"Huyu alikuwa amevaa msuli wa mistari ya kijani," alisema Mwaija. "Ule niliokupa mimi."

Kisha akawaeleza, bila haraka, akiwa ananyoosha goti lake juu ya mkeka. Siku aliyofagia kwa hasira hakulala. Kesho yake baada ya kuswali alifungua dirisha la chumbani, akamwona mumewe zizini, amesimama tu mbele ya maua hana la kufanya, akaona hata hasira haina raha. Siku ya pili akamwona hivyo hivyo. Siku ya tatu mzee alikuja na unyoya wa jogoo. Alipiga magoti kwenye umande, yeye ambaye kuinuka kutoka kwenye swala humchukua muda hata watu wakaondoka msikitini. Akaingiza unyoya kwenye ua dume, akautia kwenye ua jike. Kisha lingine. Unyoya ulipolowa akalikata ua dume lenyewe akalipeleka kwa mkono. Alikuwa anatambaa na kuongea nayo. Alikuwa anayaambia maua samahani, vibarua wako likizo. Na alirudia hivyo kila asubuhi mpaka maua yalipokwisha, na kila asubuhi Mwaija alikuwa dirishani.

"Kisha anakuja kunywa chai," alisema Mwaija, "ndevu zote njano. Namuuliza ni nini, ananiambia amejipaka manjano ya kuzuia mafua."

Muhsin aliacha mfupa. Wote walimtazama Sadala, naye akatazama kwenye bakuli, kama kwamba boga lingemtetea. Akajaribu kusema kwamba kiini cha habari ni kweli. Uwanja haukufagiwa, wadudu walikuja, maua yalizalishwa. Ni nani hasa aliyeyazalisha, hayo ni mambo ya ndani.

"Kiapo ulikila na tonge langu," alisema Mwaija.

Shamimu alikuwa amelishika begi, hajui alifungue au alibebe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka. Akamuuliza mama yake kwa sauti ndogo wafanyeje, basi la mwisho la kupitia Korogwe halingoji.

Mwaija alilitazama begi. Alimtazama mzee wake, mikono yake iliyoliwa na korona, na magoti ya msuli ambayo madoa ya majani hayakutoka mpaka leo, ingawa yeye ameyafua. Akashusha pumzi.

"Nilisema boga litoke uwanjani kwangu," akamwambia binti yake. "Sikusema azalishe nani. Kile chumba wekeni magunia ya mahindi. Nitakuja kukaa siku chache, kiangazi, bamia zikikauka. Na kusema kweli, huko Korogwe nani atanidanganya?"

Kisha akamgeukia Muhsin kumuuliza, kama kaka mkubwa wa upande wa mke, faini ya muongo aliyeapa ni ipi. Muhsin alijifuta mikono pole pole. Tangu siku ile ya majembe alikuwa anaingojea nafasi hii. Alisema faini shemeji ameitaja mwenyewe, hakuna haja ya kikao. Ila kwa kuwa alimliza bure mbele ya vijana, aongezewe kumwaga maji.

Hivyo Sadala analipa. Mwezi haujaandama bado. Alfajiri fagio za Misima zinapoanza, na wa kwake unaanza, ukichelewa, ukiwa na mwendo wa mtu anayesukuma torori lililopasuka tairi. Mistari yake imepinda. Mwaija amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai, amenyoosha mguu, mnavu uko hatua mbili kutoka alipo, anautazama uwanja wake unavyoharibiwa. Hamsaidii. Mara moja tu humwelekeza, kwa kidole. Akifika kwenye ghala bovu apite mbali, maana baada ya mvua za mwisho vishimo vimerudi, viwili, labda vitatu, na mmoja wa wale weusi alionekana juzi anaingia na suruali zake za njano.

Wapita njia husimama. Mwanamume mzee anafagia. Basi watu hujua kafiwa na mke. Wanavua kofia, wanamwuliza kwa sauti ya chini marehemu amezikwa lini.

Sadala huegemea ufagio, akipumua. Kila mara hufungua mdomo, na unaweza kuona kabisa hadithi inavyomjia.

"Waambie ukweli," husema Mwaija kutoka kigodani.

Naye huwaambia.